Kifuko cha Mchanga wa Ushongo

Mwanangu Mbwana,

Nakusalimu kama mtu aliye mbali, ingawa sasa hivi uko chumba cha pili na nasikia unavyokoroma. Barua hii nitaikunja ndani ya msuli wako mpya, chini kabisa ya sanduku, ili uikute ukishafika Dar es Salaam. Basi hizi ni salamu za watu uliowaacha nyuma. Baba yako Kombo anakusalimu, anasema huko wakikuuliza baba yako nani usiseme fundi baiskeli, sema daktari wa magurudumu. Bibi yako Mwanaidi anakusalimu. Ulimi wake bado mzito, lakini jina lako analitamka vizuri kuliko majina yetu sote, na mimi sijui nimemkosea nini. Shangazi yako Mwanatumu anakusalimu, na anakukumbusha ile kanga uliyomwahidi, iwe na maneno makali, kuna mtu hapa Ngamiani anataka kumpitia mlangoni akiwa ameivaa. Dada yako Zena anakusalimu, amelia mpaka amelala na kiatu kimoja mguuni. Hata yule paka uliyempiga marufuku jikoni yuko mzima, anangoja tu uondoke. Na mimi mama yako ndiye wa mwisho, maana salamu yangu ndefu.

Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, zile nyingine sikusomeshwa. Panapokushinda, soma kwa sauti, utanisikia nasema.

Mambo ya nauli, na ya kula, na ya kuangalia mifuko yako kwenye basi, hayo baba yako atakwambia kesho asubuhi mpaka uchoke. Mimi nataka kukueleza habari za mguu wake. Unajua kuwa alivunjika paja shambani kwenye mkonge, toroli lilipopinduka. Unajua kuwa goti lile halikunji. Ila yaliyotokea katikati, kati ya paja na goti, huyajui, maana mwaka ule tulikupeleka Mkwaja kwa mjomba wako, na uliporudi tulikuwa tumeshazoea kumwona vile, hakuna aliyekuwa na hamu ya kusimulia.

Wewe unakwenda kufundishwa namna ya kuwarudishia watu nguvu za viungo. Kazi hiyo mimi niliifanya kabla yako. Mgonjwa wangu alikuwa mmoja tu.

Walipomtoa ile plasta hospitali, mwanangu, nilishtuka. Mguu uliotoka mle haukuwa wa mume wangu. Ulikuwa mwembamba, mweupe-mweupe, ngozi inapukutika, na paja limeisha nyama kama la kuku aliyetaga sana. Yeye mwenyewe aliutazama akacheka, akasema, "Mama Mbwana, hawa watu wamenibadilishia mguu. Huu wa mtu mwingine." Tulicheka wote. Lakini lile neno lilinikaa. Mimi nimelelewa na bibi yangu kule Pangani, naye alikuwa akitwambia kwamba kiungo kikipungua nyama, kinakuwa kama chumba kisicho na mpangaji, na wapangaji wa namna ile hawabishi hodi.

Aliyetufundisha mazoezi alikuwa dresa mmoja wa hospitali, Yohana, Mbondei wa upande wa Muheza, mtu wa kanisani, mrefu, mpole, mwingi wa utani. Alikuja nyumbani kwa baiskeli yake, akamlaza baba yako mkekani ukumbini, akamwambia, "Haya, ninyi watu wa pwani mnapenda kulala, leo nakupa kazi ya kufanya umelala." Akamwambia akaze nyama ya paja bila kuunyanyua mguu, kama mtu anayeusukuma mkeka kwa nyuma ya goti, halafu ailegeze. Basi. Baba yako akasema, "Kazi ndiyo hiyo?" Yohana akamjibu, "Ifanye kwanza, halafu unitukane."

Akajaribu. Nyama haikwenda. Aliikaza mpaka shingo ikasimama mishipa, akakaza meno, akakaza ngumi, paja limelala pale vilevile, halina habari naye. Ndipo alipoacha kucheka.

Siku zilipopita ikaanza kuitika. Kwanza kidogo, kama ngozi ya maziwa inavyotikisika. Kisha akaweza kuunyanyua mguu mtupu. Yohana akaniambia sasa nishone kifuko cha kitambaa cha marekani, nitie mchanga kidogo, nimfunge juu ya kifundo cha mguu. Akanieleza na masharti yake, nami nayakumbuka mpaka leo, maana niliyavunja yote. Alisema unyanyuaji wa mwisho uwe mzuri kama wa kwanza; ukianza kutetemeka au kwenda upande, ndiyo mwisho wa leo, hata kama mwenyewe anasema bado anaweza. Akasema asizuie pumzi. Akasema akifanya leo, kesho apumzike, maana nyama haikui wakati wa kazi, inakua wakati wa kulala. Akasema uchovu wa nyama si kitu, utapita, lakini maumivu ya ndani ya kiungo, au maumivu yatakayolala naye mpaka asubuhi, hayo ni ya kurudi nyuma, nipunguze mchanga wala nisione haya. Na mchanga usiongezwe kwa sababu siku zimepita. Uongezwe kwa sababu mguu umeuona mwepesi.

Nikaitikia, "Naam, naam." Nikashona kifuko kizuri.

Sasa mchanga. Mchanga upo kila mahali, hata hapa uani upo. Lakini mimi nikaona mguu ule umesahau mwenyewe ni nani, ukinyanyua mchanga wa kwao utakumbuka. Baba yako kwao Ushongo, kitovu chake kimezikwa kule. Nikamwomba shangazi yako, alipokwenda kuwatazama wazee, aniletee mchanga wa pale pale pwani. Akaleta kikapu tele, mweupe, unang'aa. Nikajaza kifuko, tukaenda kukipima dukani kwa Mshihiri, tukapata uzito alioutaka Yohana. Nikaridhika sana na akili yangu.

Ikaingia masika. Na kifuko kikaanza kuwa kizito.

Nisikilize vizuri, Mbwana. Hakuna mtu aliyeongeza mchanga. Nilikishona mwenyewe, na mshono ulikuwa wangu, naujua. Lakini kila nilipokitoa kwenye msumari wa ukutani nilikokitundika, mkono wangu ulishuka zaidi. Nikadhani nimechoka. Nikampa shangazi yako akishike, akakirudisha kwenye msumari kwa ncha za vidole. Tukakipeleka tena kwa Mshihiri. Akakiweka kwenye mizani, akatutazama, akasema, "Mmetia nini humu?" Tukasema hatukutia kitu. Akakitoa kwenye mizani haraka, na siku ile hakutaka tununue chochote, alisema anafunga duka. Ilikuwa bado asubuhi.

Halafu ikaja habari ya adhuhuri. Baba yako akila alikuwa anajinyoosha ukumbini, mlango wa uani wazi, jua la utosi, mtaa wote kimya, hata kuku wamekaa. Mimi nashona. Nikaona paja linatembea. Mguu umelala, baba yako amelala, lakini ndani ya paja, chini ya ngozi, kitu kinapita, kama panya anayepita chini ya mkeka. Kinakwenda mpaka karibu na goti, kinasimama, kinarudi. Nikaweka sindano chini. Nikamwita kwa sauti ndogo, "Baba Mbwana." Akaamka, na kile kitu kikatulia palepale, kama mtoto aliyekuwa anachezea kisichokuwa chake akasikia mlango.

Sikumwambia. Nilimwambia shangazi yako. Akasema, "Wifi, si nilijua? Mtu ameshaingia. Na huko kwenye kifuko ndiko anakojitia uzito, ili asinyanyuliwe, akae." Nikamuuliza tufanye nini. Akasema, "Anapenda mguu uliolala. Basi mguu usilale. Mfungie mzigo, anyanyue, anyanyue, mpaka yule mwingine achoke atoke mwenyewe."

Leo ukinisoma utaona ni maneno ya watu wawili walioogopa. Lakini saa ile yalikuwa maneno ya akili kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Nikashona kifuko cha pili, nikavifunga vyote viwili, na kila adhuhuri, wakati ule ule yule mwingine alipokuwa anapenda kutembea, namwamsha baba yako anyanyue. Hapana kupumzika. Na yeye, ajabu, hakukataa. Alikuwa amesikia kwamba nyapara, msimamizi wa shamba, atapita kuwatazama waliovunjika nani anafaa kurudi kazini, na yeye alitaka kumpokea amesimama. Mimi nafukuza jini, yeye anakimbilia kazi, na kila mmoja anadhani mwenzake anajua anachofanya. Alikuwa ananyanyua amefunga pumzi, macho mekundu, mguu unatetemeka kama kamba ya nguo kwenye upepo, na mimi nikiuona unatetemeka moyo wangu unafurahi. Nasema moyoni, huyo, anachoka, huyo anatoka.

Kilichotoka ni sauti. Ilitoka gotini, kama ufito mkavu unapokatika. Baba yako hakupiga kelele. Alinitazama tu, akasema, "Mama Mbwana, fungua." Nilikuwa nimepiga fundo nisiloweza kulifungua, nikalikata kwa meno.

Goti likavimba likawa kama boga. Yohana akaja. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alilishika goti, akalitazama muda, akaniuliza, "Nani nyumbani humu alikuwa na haraka?" Nikamweleza yote, uzito wa kifuko na kile kitu cha pajani. Akakichukua kile kifuko cha kwanza, akakipima mkononi, akapasua mshono. Mchanga haukumwagika. Ulitoka donge zima, umeshikana, una baridi. Akaonja kidogo kwa ulimi, akatema. "Chumvi," akasema. "Mchanga wa bahari, mama Mbwana. Masika yote unakunywa unyevu wa hewa. Humu hamna jini. Humu mna maji." Na kuhusu paja akasema nyama iliyokonda ikianza kuamka hucheza yenyewe, na ikichoshwa hucheza zaidi, wagonjwa wengi humwambia hivyo, na kama ningemwambia mapema angenicheka kidogo kisha angenieleza.

Ndiyo maana sikumwambia, mwanangu. Ni kwa ajili ya kile kicheko kidogo. Hilo ulishike.

Kwa hiyo hospitali ikawa mara ya pili, na nyapara alipita akakuta kitanda kitupu, na baba yako sasa anatengeneza baiskeli barazani, mguu ameunyoosha mbele yake kama mtu anayemzuilia mwenziwe njia. Watu wakimuuliza anasema toroli. Huwa ananikonyeza akisema. Nimemwomba mara nyingi aseme ukweli, anasema, "Ukweli mrefu, mteja ana tairi bovu."

Ule mchanga Yohana aliumwaga pembeni mwa uani, jua likatoka, ukakauka, ukawa mwepesi kama mchanga wowote. Hilo nililiona kwa macho yangu, na ninamwamini Yohana. Lakini nitakwambia na jambo jingine, ulifanye unavyotaka. Kesho yake adhuhuri nilikwenda kufagia, nikakuta unyayo katikati ya ule mchanga. Mmoja. Wa kushoto. Baba yako alikuwa hospitali, mguu wa kushoto umefungwa mbao. Niliutafuta unyayo wa kulia uani kote, sikuuona. Basi nikaufagia. Nyumba ni ya kufagiwa.

Haya sikwambii ili uogope. Nakwambia kwa sababu mwezi huu mzima nimekutazama unavyomhudumia bibi yako tangu alipoanguka akapooza mkono, na nimejivunia, na nimeingiwa na wasiwasi pia. Unafanya vizuri. Unamtelezeshea mkono mezani juu ya kitambaa, unamfundisha kuubeba ule mbovu kwa mkono mzima, unamwambia apumue. Lakini juzi ulitundika kifuko kipya kwenye msumari ule ule, ukaniambia, "Mama, mwezi ukiandama umfunge bibi." Mwezi, Mbwana? Mkono wa bibi yako unaujua mwezi? Utaandama huko juu nao umelala hapa.

Na huko uendako watakuja watu wanaotaka kukufurahisha. Utawauliza "Inauma?" watakwambia haiumi, hasa wanaume, hasa mke akiwa amesimama mlangoni. Usiulize mdomo. Tazama pua, tazama vidole vya mguu mwingine, mwambie arudie uone kama inakwenda sawa. Na ukimpa mtu zoezi akaondoka nalo, hukumpa yeye peke yake. Umempa mama yake, na mkewe, na shangazi, na kila anayepita. Muulize kama Yohana alivyouliza, ila wewe uulize mapema: nyumbani kwako nani ana haraka? Huyo ndiye umfundishe. Na akikwambia kwamba kiungo chake kinatembea chenyewe, au kina mtu ndani, usicheke. Mwambie umesikia. Akishajua umesikia, atakuletea na mengine.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae na kalamu.

Leo adhuhuri, ulipokwenda kuwaaga wenzako wa hospitali, bibi yako alikuwa amelala kitanda cha kamba ukumbini. Zena yuko bombani, baba yako barazani anapiga nyundo, shangazi yako na mimi tunachambua mchele. Nyundo ikanyamaza. Bibi yako, macho yamefumba, akapiga mwayo mrefu. Na ule mkono, Mbwana, ule wa kulia, ambao tangu aanguke haujafanya hata kufukuza nzi, ukanyanyuka. Taratibu. Ulipanda mpaka pale anapoutoa ili mtoto aubusu, kiganja chini, vidole vimelegea. Ukasimama hapo hewani. Halafu ukashuka vile vile taratibu, ukalala mahali pake.

Na bibi yako akasema, wazi kabisa, bila uzito wa ulimi: "Marahaba."

Shangazi yako alimwaga ungo. Akamuuliza, "Mama, umemwitikia nani?"

Bibi akafumbua macho, akatuona, akashangaa kutuona. "Huyo aliyenishika mkono," akasema, na ulimi ukarudi kuwa mzito.

Shangazi yako hakuuliza la pili. Alikwenda moja kwa moja kwenye msumari, akachukua kifuko. "Wifi, lete kamba."

Nikamwambia, "Kirudishe."

"Utamwachia aingie?"

"Mwanatumu, kirudishe. Nilikusikiliza mara moja, na kaka yako mpaka leo anaswali amekaa kitini."

Alilia, maskini. Ni mama yake. Na mimi nilipokiona kile kifuko kinaning'inia kwake, wallahi nilikitaka. Ningekifunga ningekuwa nimefanya kitu. Badala yake nilikaa kitandani, nikaushika mkono wa bibi yako. Ulikuwa na joto. Nikamwambia, "Mama, ninyanyulie." Akajaribu. Nililiona jasho kwenye paji la uso. Haukunyanyuka. Nikamwambia apumue, tuache, tena kesho kutwa. Na nilipotaka kuuachia, kidole gumba kikanibonya kiganjani. Kidogo, kama mtu anayebonya embe kuona kama limeiva. Nikamtazama usoni. Alikuwa ameshalala.

Sikukwambia uliporudi kwa sababu ungefungua sanduku ukatoa nguo zako, nakujua. Nenda. Kazi imekuita na bibi yako mwenyewe amekuombea. Lakini waulize walimu wako, na usione haya kuuliza, hata wakicheka kidogo: mkono uliokufa ukinyanyuka pamoja na mwayo, mwenyewe hana habari, na akiutaka hautaki, je, huo unarudi? Au ni mchezo wa nyama kama ule wa paja? Nimwamshe au nimwache? Na kile kidole nikihesabu ni chake?

Shangazi yako amekubali kungoja jibu lako. Lisipokuja, amesema atafunga mwenyewe, nami siwezi kumlinda bibi kila saa, nina jiko na nina mume wa mguu mmoja. Kifuko nimekitoa msumarini, niko nacho hapa chini ya mto wangu. Nimekishika sasa hivi. Sitakwambia ni kizito au chepesi, maana nje mvua imeanza na mimi najua habari ya chumvi, nawe mchanga huu sikukuuliza uliuchota wapi.

Niandikie siku hiyo hiyo utakayosoma, mwanangu, hata maneno mawili, umpe dereva wa basi la huku kwetu alete. Mpaka jibu litakapokuja, kila adhuhuri nitakuwa nimekaa kitandani kwa bibi yako, mkono wake ndani ya wangu, ili ukinyanyuka tena, wa kuubusu awe mimi.

Mama yako.